Lenzi za Utah na krediti za kodi zilizokataliwa

Krediti ya kodi hukatwa kwenye kodi yenyewe, si kwenye mapato. Anayestahili krediti ya dola 1,050 hulipa kodi pungufu kwa dola 1,050. Sheria ya Marekani iliwapa wafanyabiashara walionunua mitambo ya nishati ya jua krediti ya asilimia 30 ya gharama, na kiwango hicho ndicho kampuni ya RaPower-3 ya Utah, ya mvumbuzi Neldon Johnson, ilichokifanya msingi wa mauzo yake.

Kampuni iliuza lenzi za plastiki za kufungwa juu ya minara karibu na mji wa Delta, zikusanye joto la jua na kuzalisha umeme. Lenzi moja iliuzwa dola 3,500. Mnunuzi alitanguliza dola 105, kisha 945 baada ya kurudishiwa kodi. Jumla ni 1,050, yaani asilimia 30 kamili ya bei. Salio lilisubiri lenzi ianze kuleta mapato, na juu ya hayo mnunuzi alihimizwa kudai punguzo la uchakavu wa mali. Hesabu hiyo pekee ilitosha kumshtua mtu makini, kwa kuwa mtaji wote ulitoka Hazina ya serikali. Biashara ilienea kwa kamisheni, mtu akimwingiza ndugu au rafiki, na imani kati yao ikachukua nafasi ya uchunguzi.

Lenzi zaidi ya 45,000 ziliuzwa, lakini umeme wa kuuza haukupatikana. Serikali ilifungua kesi mwaka 2015. Mwaka 2018 Jaji David Nuffer alipiga marufuku mpango huo na kuamuru wahusika warejeshe zaidi ya dola milioni 50. Rufaa yao ilikataliwa mwaka 2020.

Hukumu hiyo haikuwaokoa wanunuzi. Mwaka 2021 Mahakama ya Kodi ilikataa madai ya wanandoa walionunua lenzi, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba hawakuwa na nia ya kupata faida, bali nafuu ya kodi tu. Ritani ya kodi ni dhamana ya aliyeitia saini, hata kama muuzaji ndiye aliyemshawishi. Krediti ikikataliwa, kodi hudaiwa pamoja na riba, na riba huhesabiwa tangu siku kodi ilipopaswa kulipwa, si tangu barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ilipofika.