Jino Linalouma Baada ya Tiba ya Mionzi

Leo tunamzungumzia mgonjwa aliyetibiwa saratani ya mdomo, koo au nyuma ya pua kwa mionzi, ile tiba ambayo wengi huita "kuchomwa". Amemaliza, amerudi nyumbani, na wewe ndiwe unayemtunza. Mwaka mmoja baadaye jino linamuuma. Wengi wetu tungempeleka kwa yeyote aliye karibu aling'oe upesi. Ngoja kwanza.

Mionzi huua saratani, lakini taya likiwa njiani nalo hupata sehemu yake. Mishipa midogo ya damu ndani ya mfupa huziba polepole, na chembe hai zinazoujenga hupungua. Mfupa huo unaweza kukaa miaka mingi bila shida. Ukijeruhiwa, hauna nguvu ya kujiponya. Shimo la jino ambalo kwako wewe lingefunga kwa wiki chache, kwake huweza kubaki wazi, mfupa ukafa, hata taya likavunjika.

Si kila mgonjwa hupatwa na haya. Kipimo cha mionzi huhesabiwa kwa grei, na taya lililopokea zaidi ya grei 60 ndilo lililo hatarini zaidi. Wengi wenye saratani hizi hupewa grei 60 hadi 70 kwa wiki sita au saba. Taya la chini huathirika kuliko la juu kwa sababu hupata damu kidogo. Ongeza hapo meno yaliyooza, ufizi mgonjwa, meno bandia yanayochubua, sigara, tumbaku ya kutafuna na pombe. Mate nayo hukauka baada ya mionzi, na bila mate meno huoza haraka. Tena hatari hii haiishi. Hata miaka 10 ikipita, taya ni lile lile.

Kwa hiyo kama mgonjwa wako bado hajaanza mionzi, apimwe meno kwanza. Yasiyofaa yang'olewe angalau wiki mbili kabla, kidonda kipate kupona. Najua foleni ya mionzi ni ndefu, na nafasi ikipatikana hakuna anayetaka impite. Basi wiki hizo za kungoja zitumie kwa meno.

Kama amekwisha kutibiwa, apige mswaki laini kila asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi, anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa, na apunguze soda na peremende. Jino likiuma, mpeleke kwa daktari wa meno hospitalini na karatasi zake za matibabu, na useme kabla hajafungua mdomo: "Huyu alipigwa mionzi hapa." Mara nyingi jino huweza kusafishwa mizizi na kuzibwa bila kung'olewa. Ikibidi ling'olewe, daktari apange na wale waliomtibu saratani.

Mulika mdomo wake kwa tochi mara kwa mara. Ukiona mfupa umejitokeza, usaha, harufu mbaya isiyoisha, au akisema mdomo wa chini umekufa ganzi, mrudishe kliniki wiki hiyo hiyo, kwani huenda hata ni saratani imerudi. Usingoje maumivu. Mfupa unaweza kujitokeza bila kuuma hata kidogo.