Mwenye nyumba naye hubeba tofali

Likitajwa shirika la ujenzi wa nyumba, Habitat for Humanity, wengi humkumbuka Jimmy Carter, rais mstaafu wa Marekani, nyundo mkononi. Sifa hiyo aliistahili. Lakini wazo lenyewe lilipimwa kwa dhati Mbandaka, mji wa kando ya Mto Kongo, enzi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikiitwa Zaire.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Millard Fuller, alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara wa Alabama, milionea kabla hajatimiza miaka 30. Mwaka 1965 ndoa yake ilikaribia kuvunjika. Yeye na mkewe Linda walipopatana, waliuza mali, wakagawa fedha, wakaanza upya. Safari ikawafikisha Koinonia, shamba la Kikristo karibu na Americus, Georgia, lililoanzishwa mwaka 1942, ambako weusi na weupe waliishi pamoja. Kwa kosa hilo walimiminiwa risasi usiku, na wenye maduka wakakataa kuwauzia.

Mwasisi wa shamba, Clarence Jordan, aliona kwamba majirani waliobanana vibandani walihitaji mtaji kuliko sadaka. Nyumba ijengwe, iuzwe bila faida, mkopo usiwe na riba, na kila rejesho lijenge nyumba ya familia inayofuata. Alifariki Oktoba 1969, nyumba ya kwanza ikikaribia kukamilika.

Mwaka 1973 akina Fuller walihamia Mbandaka na watoto wao. Kanisa la huko lilikuwa na mradi wa kufyatua matofali ya mchanga na saruji. Wakauhuisha na kuanza kuwajengea watu nyumba. Walijenga kwenye ukanda uliotenganisha mtaa wa wazungu na wa Waafrika wakati wa ukoloni wa Ubelgiji. Mahali palipoachwa wazi ili watu wasikaribiane pakaota kuta, madirisha na jikoni. Waliporudi Georgia mwaka 1976, ndipo wakaanzisha Habitat for Humanity.

Ninachokithamini zaidi katika mpango huu ni kazi ya mwenye nyumba. Familia haiketi kivulini ikisubiri kukabidhiwa funguo. Hutoa mamia ya saa za jasho, kwake na kwa wenzake. Aliyewahi kushiriki kukandika nyumba kijijini ataelewa: wanawake wanateka maji, vijana wanakanyaga udongo, mwenyeji yuko katikati yao, na jioni kila mtu ana matope viwikoni.

Wanaojitolea wengi si mafundi. Ni walimu, wanafunzi, wastaafu. Kazi yao ni ya saidia fundi: kupokezana matofali kwa mstari, kuchota mchanga, kufikisha karai la zege kabla halijaanza kukauka. Fundi mwenyewe hashiki mwiko tu; kila baada ya mistari michache anashusha timazi, na ukuta ukipinda unabomolewa, hata kama aliyeujenga alitoka mbali na nia njema.

Carter alilijua hilo, maana alikuwa seremala hodari. Septemba 1984 alipanda basi na wenzake kutoka Georgia hadi New York kukarabati jengo chakavu la ghorofa sita kwa ajili ya familia 19. Oktoba 2019, akiwa na miaka 95, alianguka nyumbani akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho. Kesho yake alikuwa Nashville, jicho limevilia damu, akiunga mbao za baraza. Alifariki Desemba 2024, akiwa na miaka 100.

Wapo wanaouliza kama nauli ya mgeni anayevuka bahari kuja kubeba tofali isingenunua bati zaidi. Swali hilo ni la haki, na naamini mara nyingine jibu ni ndiyo. Vijana wa mtaani wanaweza kubeba tofali. Kinachomshinda mama lishe wa Dar es Salaam ni mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, halafu mkopo ambao riba yake inameza faida ya sufuria zake zote.

Vikoba vyetu tayari vinajua kuzungusha fedha na kuaminiana. Kikundi kinaweza kuanza na msingi na bati za nyumba moja, rejesho liende kwa wa pili, Jumamosi wanachama wakashika sepetu. Kitakachowakwamisha ni kiwanja. Mbandaka ardhi ilitolewa na serikali, na hapo ndipo halmashauri zetu zinapotakiwa kuanza, kwa kupima viwanja vidogo ambavyo mama lishe anaweza kuvilipia.