Bunduki Tatu, Mwalimu ni Yupi?

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga. Huenda ukadhani, ndugu msomaji, kwamba msemo huo hauna mahali katika mchezo ambao mshindi wake ni yule aliye mwepesi kuliko wenziwe. Lakini mchezo huo upo, wenyewe ni wa haraka kupita kiasi, na walimu wake walio bora huufunza kwa mwendo wa kobe.

Mchezo ninaousema umeshika mizizi huko Marekani. Ni wa kulenga shabaha, na mchezaji hutumia bunduki za aina tatu: bunduki ndefu ya masafa, bastola, na bunduki ya marisau, ile itumiwayo na wawinda ndege. Saa hulia, mtu hukimbia, hupiga shabaha za karibu kwa bastola, huiweka, hushika ya marisau na kuangusha vibao vya chuma, kisha huchukua ile ndefu na kulenga shabaha iliyo yadi mia mbili au zaidi. Sekunde zake huhesabiwa, na kila shabaha aliyoikosa huongezewa sekunde nyingine za adhabu.

Makala haya hayamwiti mtu kwenye bunduki. Sheria ya Kenya haimruhusu raia kuwa na silaha ya moto bila cheti, na ni vyema iwe hivyo. Ninalotaka kulitazama ni jambo ambalo sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu tunalijua: mwanafunzi humpata wapi mwalimu, na mwalimu ana haki gani ya kujiita mwalimu? Katika utunzi, jambo hilo likikosewa huharibika shairi. Katika bunduki likikosewa, huondoka mtu.

ASILI YAKE

Mwaka 1976, katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, walikutana wapiga shabaha kutoka nchi mbalimbali, wakaunda shirikisho la kimataifa la mchezo wa bastola wa kukimbia na kulenga. Rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, aliyekuwa ofisa katika jeshi la wanamaji la Marekani. Mwaka huo huo Cooper alifungua shule ya kufunza bastola karibu na Paulden, jimbo la Arizona. Tawi la Marekani la shirikisho hilo lilipata umbo lake mwaka 1984, na katika miaka hiyo ya 1980 ndipo mashindano ya bunduki tatu yalipoanza kujulikana.

Shirikisho lilijichagulia maneno matatu ya Kilatini kuwa wito wake: usahihi, nguvu na kasi. Tazama mpango wa maneno hayo. Usahihi ndio imamu, na kasi imesimama safu ya nyuma.

Cooper aliacha pia kanuni nne ambazo leo hufunzwa karibu kila uwanja wa shabaha huko. Kwanza, ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi. Pili, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichokuwa tayari kukiangamiza. Tatu, kidole kisiguse kifyatuo mpaka jicho limeshika shabaha. Nne, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Cooper alifariki mwaka 2006, na kanuni hizo bado ndizo alifu na bee ya mchezo.

MWALIMU HUPATIKANA WAPI

Mtu anayetaka kujifunza ana njia mbili. Moja ni kulipa ada na kuhudhuria mafunzo ya siku moja, mbili au tatu kwa mtu mwenye jina. Ada hiyo ni mamia ya dola, na juu yake mwanafunzi hununua risasi zake mwenyewe, nazo huweza kufika mamia kwa siku. Si mzigo mdogo hata kwa Mmarekani.

Njia ya pili haina ada kubwa, na wengi wa wazoefu husema ndiyo ya kuanzia. Klabu nyingi huandaa mashindano madogo kila mwezi. Mgeni huenda siku ya kwanza bila bunduki, akatazama. Husaidia kubandika karatasi kwenye matundu ya shabaha na kuvisimamisha vibao vilivyoanguka. Husikiliza amri za msimamizi: jitayarishe, uko tayari? kaa macho, na mwisho, ukiwa umemaliza, toa risasi na uonyeshe. Mtu akishinda nao siku nzima namna hiyo, hujua yupi kati ya wale wakongwe ana subira, yupi ana majivuno, na yupi watu wengine husogea kando anaposhika silaha. Huyo wa mwisho si wa kumfuata, hata awe na vikombe kabati nzima.

Katika viwanja hivyo bunduki zote hukaa bila risasi mpaka zamu ya mtu ifike, naye awe chini ya macho ya msimamizi. Kuna pahala maalumu ambapo mchezaji ameruhusiwa kuishika bunduki yake, kuisafisha au kuitengeneza, lakini hapo haruhusiwi kabisa kugusa risasi. Risasi na bunduki hazikutanishwi ila kwa idhini. Anayeangusha bunduki yenye risasi, au anayegeuza mtutu nyuma kuelekea watu, hutolewa katika mashindano yote, si katika zamu ile tu. Hakuna kujitetea kwamba nimesafiri maili mia tatu. Hufunga virago akarudi kwao.

Na kwa kuwa bunduki ni tatu, hatari huwa kubwa zaidi pale zinapobadilishwa. Mchezaji anapoiacha moja kukimbilia nyingine, huitia katika pipa au sanduku lililowekwa, mtutu ukielekea upande wa salama, bunduki iwe tupu au imefungwa kufuli yake. Akiitupa ikiwa na risasi na kufuli iko wazi, safari yake imekwisha siku hiyo. Kwa hivyo mwalimu mzuri wa mchezo huu hutumia saa nyingi kufunza kuweka chini kabla ya kufunza kupiga.

KUFYATUA BILA RISASI

Jambo la kustaajabisha ni kwamba sehemu kubwa ya mafunzo haina mlio. Mwanafunzi hukaa nyumbani, bunduki tupu, risasi zimewekwa chumba kingine, akarudia kuchomoa bastola katika ala yake, kuinua, kulenga na kubana kifyatuo polepole. Hurudia mara mia, kisha mia nyingine. Kwa bunduki ya marisau hutumia risasi za bandia zisizo na baruti, akajizoeza kuzitia mbili mbili au nne nne kwa mkono mmoja, kwa kuwa mashindano mengi hayapotei kwenye kulenga bali kwenye kujaza.

Yapo pia ya kuelezwa na mwalimu ambayo macho peke yake hayayaoni. Katika bunduki ndefu za mchezo huu, kilengeo hukaa takriban inchi mbili na nusu juu ya mtutu. Shabaha ikiwa karibu sana, risasi hupiga chini ya pale jicho lilipoona. Asiyeambiwa atailaumu bunduki, atabadilisha risasi, atatumia fedha, na dawa ilikuwa neno moja la mwalimu. Kadhalika mwalimu ataamrisha masikio na macho yakingwe, na atamkataza mwanafunzi kula kabla ya kunawa, kwa sababu vumbi la risasi ya madini huingia mwilini kama sumu.

SI JAMBO GENI KWETU

Msomaji asidhani kwamba adabu hizi zimezuliwa na Wamarekani. Sisi Waislamu tunajua kwamba kulenga shabaha kwa upinde ni katika michezo aliyoihimiza Mtume, rehema na amani zimshukie. Na tunajua vile vile kwamba alimtaka mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwa ncha zake asije akamdhuru mtu, na kwamba alikataza kumwelekezea ndugu yako chuma hata kwa mzaha. Ukiiweka kanuni ya pili ya Cooper kando ya mafundisho hayo, utaona jambo ni moja.

Wala mafunzo ya mpango hayakuwakosa Waislamu. Baada ya Istanbul kutekwa mwaka 1453, Sultani Mehmed wa Pili alitenga uwanja wa wapiga mishale uitwao Okmeydanı, na mwanawe Bayezid wa Pili akawajengea wapiga mishale nyumba yao hapo. Mwanafunzi mgeni hakupewa mshale. Alipewa upinde laini uitwao kepaze, akauvuta na kuuachia siku baada ya siku bila kurusha chochote, mpaka mwili uzoee. Je, hilo si lile lile la kufyatua bila risasi?

Mwanafunzi aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa mafundi alitakiwa kurusha mshale masafa ya gez 900, karibu mita 600, mbele ya mashahidi. Akifaulu, mwalimu wake alimkabidhi mpini wa upinde kwa sherehe, nayo ndiyo ilikuwa ijaza yake. Sultani Mahmud wa Pili mwenyewe, katika karne ya 19, alipitia njia hiyo hiyo ya kupewa idhini na mwalimu. Sultani mwenye majeshi, na bado hakujipa cheti mwenyewe! Mwaka 2019 upigaji mishale huo wa Kituruki uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

MWENYE KUTAKA KUFUNZA

Hapa ndipo mchezo wa bunduki tatu unapopungukiwa. Zipo jumuiya zinazotoa vyeti vya ualimu: ile National Rifle Association, iliyoanzishwa mwaka 1871, huwapima walimu wa bastola mbali, wa bunduki ndefu mbali, na wa marisau mbali. Tawi la Marekani la shirikisho la Cooper nalo hufunza na kuwatahini wasimamizi wa viwanja. Lakini anayefunza kuziunganisha zote tatu katika mbio moja hana ijaza moja inayokubaliwa na wote. Aliyeshinda mashindano mawili huweza kutundika bango na kupokea wanafunzi. Na bingwa si lazima awe mwalimu, kama vile mwenye sauti nzuri si lazima ajue kusomesha tajwidi.

Basi mwanafunzi hana budi kumpima mwalimu yeye mwenyewe, na vipimo si vigumu. Mwalimu wa kweli huuliza kwanza mtu amejifunza nini na kwa nani. Kabla ya risasi ya kwanza hueleza sanduku la dawa liko wapi, nani atafunga jeraha, na nani ataita gari la wagonjwa. Hachukui watu wengi kuliko macho yake yanavyoweza kuwalinda. Hafunzi kukimbia kabla ya kutembea. Na kubwa kuliko yote, huwa tayari kumrudishia mtu ada yake na kumwambia: wewe sikufunzi.

Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu nchi yenyewe ina msiba. Mwaka 2021 peke yake watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua kwa mikono yao wenyewe. Wengi wa waliokufa hawakuwa na uhusiano wowote na mchezo huu, na ni dhuluma kuwabebesha wachezaji dhambi hiyo. Lakini mwalimu anayeishi katika nchi hiyo hawezi kusema kazi yangu ni shabaha tu. Yeye huona uso wa mwanafunzi kwa siku mbili au tatu. Anamwona mwenye hasira, anamwona mwenye huzuni, anamwona anayecheka pale ambapo si pa kucheka. Mara nyingine yeye ndiye mtu wa pekee aliyesimama karibu na mtu huyo na silaha yake kwa muda wa kutosha kuona kwamba kuna jambo.

Wako wanaosema afadhali mafunzo yote haya yasingekuwapo. Mimi naona kwamba maadamu bunduki ziko mikononi mwa watu kule, bora ziwe na mwalimu kuliko kukosa. Lakini mwalimu anayeuza kasi bila adabu ni mbaya kuliko kutokuwapo kwake, maana humpa mjinga imani ya fundi.

Walimu wetu wa chuoni hawakutusogeza juzuu ya pili mpaka ya kwanza imeiva mdomoni. Tulinung'unika, tukaona wanatuchelewesha. Mwanafunzi wa bunduki tatu anayepewa bunduki tupu siku nzima naye hunung'unika vivyo hivyo. Mwache anung'unike. Kama mwalimu wake anaijua kazi yake, hatamwongezea risasi hata moja mpaka mkono wake umekwisha kutulia.