Akiba ya Visiwani

Programu ya simu aionayo mwananchi kiganjani ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni seva zinazotunza kumbukumbu zake na kuyajibu maombi yake, nazo mara nyingi zimo katika majumba ya kompyuta ya mbali, kama Cape Town au Dublin. Huko ndiko kuitwako winguni.

Hatuna ugomvi na utaratibu huo. Kukodi seva ni nafuu kuliko kujenga jumba, na kijana wa Pemba aweza kuanza kwa gharama ndogo. Lakini wingu hilo hutufikia kwa waya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Wazanzibari tunalijua somo hilo: kuanzia Desemba 2009, hitilafu katika njia moja ya umeme utokao Bara iliiacha Unguja gizani kwa takriban miezi mitatu.

Kwa maoni yetu, kila ofisi ya Serikali inayoagiza programu haina budi kudai mambo mawili: nakala ya kumbukumbu itunzwe hapa Visiwani, na programu iendelee kupokea kazi mtandao unapokatika. Vijana wetu watungao programu nao waitwe mezani mapema, kabla mkataba haujatiwa saini. Mgeni akishalipwa huondoka. Hitilafu hubaki na mwenyeji.