Gari Linaloundwa kwa Namba

Assetto Corsa, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari kutoka kampuni ya Kunos Simulazioni ya Italia, ulitoka rasmi Desemba 2014. Haukuwa na mvua wala usiku. Leo unavyo vyote viwili, na walioviongeza si kampuni bali wachezaji wenyewe, kupitia programu ya nyongeza iitwayo Custom Shaders Patch.

Wachezaji hubadilisha magari pia, maana kila gari la mchezo huo lina folda yake. Ndani mna umbo la bodi, sauti ya injini, na mafaili ya maandishi yanayoeleza matairi, springi na breki. Faili moja, power.lut, ni safu mbili tu za namba: mizunguko ya injini kwa dakika, kisha kistari wima, kisha nguvu ya kuzungusha magurudumu. Pandisha namba za kulia, gari linachomoka. Zidisha, matairi yanateleza kila kona. Kijana asiye hata na leseni anajionea hapo kwa nini injini kubwa hudai springi na matairi ya kufaana nayo. Shule nzuri hiyo!

Kwa wachezaji hao waundaji, barabara ndiyo kazi nzito zaidi. Kundi la Shutoko Revival Project limeujenga upya mtandao wa barabara kuu za Tokyo ndani ya mchezo, na watu huendesha humo pamoja kupitia intaneti, wakipishana na magari ya kawaida yanayoendeshwa na kompyuta.