Monstera, Mgeni wa Sebuleni: Aketi Wapi, Anywe Nini

Pambo la nyumba si lazima liwe la thamani kubwa. Chungu kimoja chenye mmea wenye afya, kikiwekwa mahali pake, huipa sebule uhai usioletwa na picha wala pazia. Miongoni mwa mimea inayopendwa siku hizi katika nyumba za Kampala, na inayouzwa kando ya barabara pamoja na miche mingine ya mapambo, ni monstera, ule wenye majani mapana ya kijani kilichokolea, yaliyochanika pembeni na kutoboka katikati kana kwamba yamekatwa kwa mkasi.

Lakini mara nyingi mmea huo hununuliwa ukiwa na siha, na baada ya miezi michache huanza kugeuka manjano. Mwenye nyumba hudhani kwamba umeshikwa na kiu, akauongezea maji. Kumbe hapo ndipo anapoumaliza. Ni vema basi tuujue mmea huu ulikotoka, kwa kuwa mgeni hukirimiwa vizuri na mwenyeji anayejua desturi za kwao.

Asili yake

Monstera, ambao wataalamu huuita Monstera deliciosa, ni mmea wa misitu ya joto ya Amerika, kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama. Huko mche huota chini penye kivuli kizito, ukatambaa hadi ukafikia shina la mti, kisha ukaparamia juu kuufuata mwanga. Shina lake hutoa mizizi ya hewani, minene kama kamba, ambayo hushika gome la mti na kutafuta unyevu. Mvua inyeshapo, maji hutiririka juu ya mizizi hiyo na kwenda zake, hayatuami.

Katika maelezo hayo mafupi yamo mahitaji yote ya mmea huu: mwanga uliochujwa na majani ya miti, maji yapitayo bila kutuama, na nguzo ya kupandia.

Monstera ni wa jamii moja na majimbi, ambayo Waganda huyaita mayuni. Huenda ndiyo sababu watu hudhani kwamba wote wawili hupenda maji sawasawa. Jimbi hustawi bondeni penye tope, lakini monstera, ingawa ni ndugu yake, ni mpanda miti, na mizizi yake isipopata hewa huoza.

Mahali pa kuuweka

Vitabu vingi vya mapambo vimeandikwa Ulaya, navyo hutaja dirisha la kusini kuwa ndilo lenye jua jingi. Msomaji wa Ggaba asivifuate bila kufikiri. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua hupita upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Tena jua la adhuhuri huwa juu sana, na upenu wa paa hulizuia lisiingie ndani. Jua la kuogopwa ni la dirisha la magharibi, kuanzia saa nane mchana hadi jioni, kwa maana huingia chinichini na kuunguza majani yakapata mabaka ya kahawia.

Mahali pazuri ni penye mwanga mwingi lakini pasipofikiwa na jua lenyewe: karibu na dirisha la mashariki, au hatua moja au mbili kutoka dirisha jingine, au nyuma ya pazia jepesi. Kipimo chake ni rahisi. Wakati wa mchana nyosha mkono juu ya jani. Kivuli cha mkono kikiwa kikali chenye kingo wazi, mwanga umezidi; kisipoonekana kabisa, pana giza; kikiwa hafifu, hapo panafaa.

Wako wanaolalamika kwamba mmea wao hautoi majani yenye matundu. Ukiwa bado mchanga wasiwe na wasiwasi, kwani majani ya kwanza huwa mazima, yenye umbo la moyo. Lakini ukikua na bado haujatoboka, aghalabu ni kwamba mwanga hautoshi.

Maji

Ggaba imepakana na Ziwa Victoria, na ni hapo ambapo maji ya ziwa yamekuwa yakisafishwa kwa miaka mingi na kupelekwa Kampala. Hewa ya ufukoni ina unyevu wa kutosha, jambo ambalo monstera hulipenda, lakini unyevu huo pia hufanya udongo wa chunguni ukauke polepole. Kwa hiyo mwenyeji wa Ggaba hana haja ya kumwagilia mara nyingi kama mtu wa Moroto, ambako nchi ni kavu.

Usimwagilie kwa kuhesabu siku. Mwagilia kwa kupima udongo. Ingiza kidole chunguni hadi kiungo cha pili. Ukihisi ubichi, acha. Ukihisi ukavu, mimina maji polepole hadi yatoke chini ya chungu, kisha yaliyojikusanya kwenye kisahani yamwage. Wakati wa masika na wakati wa mvua za mwishoni mwa mwaka, huenda ukapita wiki moja na nusu au hata mbili kabla ya kumwagilia tena. Maji ya bomba yanafaa, na ya mvua yanafaa pia.

Majani ya chini yakiwa manjano na udongo umelowa, maji yamezidi. Kingo za majani zikiwa kavu na chungu kimekuwa chepesi, hiyo ndiyo kiu. Jani moja kuukuu likigeuka manjano peke yake, huo ni uzee tu. Mmea uliozidishiwa maji waweza kuokolewa mapema: ung'oe, kata mizizi yote iliyokuwa myeusi na laini, kisha uupande upya katika udongo mwingine.

Udongo, chombo na nguzo

Chungu cha dukani si lazima. Debe la mafuta ya kupikia, au dumu lililokatwa, linatosha, mradi litobolewe matundu kadhaa chini. Changanya sehemu mbili za udongo mweusi wa bustani, sehemu moja ya mchanga mkubwa na sehemu moja ya samadi iliyooza sawasawa. Vipande vidogo vya makaa vinavyobaki chini ya gunia, ambavyo jikoni havina kazi, vikichanganywa humo husaidia udongo usishikamane. Watu wengine hutandika kokoto chini ya chungu wakidhani zitaondoa maji; bali kinachoondoa maji ni matundu na udongo uliolegea.

Katikati ya chungu simika mti imara uliozungushiwa gunia la katani, na shina ulifunge kwa kitambaa laini bila kulikaza. Samaki mkunje angali mbichi: anza kazi hiyo mapema, kwa maana shina likishakomaa haliongozeki. Mizizi ya hewani usiikate. Ielekeze kwenye gunia au udongoni. Kila wiki mbili futa majani kwa kitambaa chenye maji ili kuondoa vumbi, pamoja na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kwa makundi na kufia madirishani. Ukiona wadudu weupe wenye unga katika vikonyo, wapanguse kwa maji ya sabuni.

Usalama wa watoto na afya ya nyumba

Jambo hili lazingatiwe kuliko yote. Jani, kikonyo na shina la monstera vina chembechembe kali zilizochongoka kama sindano, sawa na zile zinazowasha koo kwa jimbi lisiloiva. Mtoto akitafuna jani hulia kwa kuungua kinywani, midomo huvimba na udenda humtoka. Mtoe mabaki kinywani, msukutue kwa maji safi na mpe maji baridi au maziwa kidogo kidogo. Usimlazimishe kutapika. Akipata shida ya kupumua au kumeza, mkimbize hospitali mara moja, na uchukue kipande cha jani ili mganga akione. Penye mtoto anayetambaa, mmea ukae asikofikia. Paka na mbwa pia hudhurika. Mwenye kuukata mmea anawe mikono, kwani utomvu wake huwasha.

Pili, kisahani chenye maji ni mazalio ya mbu. Mbu wenye madoadoa meupe, ambao hueneza homa ya manjano na dengi, hupenda kutaga katika vyombo vya namna hiyo, na kwa muda wa wiki moja hivi yai laweza kuwa mbu kamili. Kumwaga maji ya kisahani, basi, kunaokoa mmea na watu.

Tatu, husemwa kwamba mimea ya ndani husafisha hewa. Habari hizo zilienea kutokana na majaribio ya Marekani ya mwaka 1989, yaliyofanywa katika masanduku yaliyofungwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika nyumba ya kawaida hewa inayopita madirishani hufanya kazi kubwa zaidi mara nyingi. Kwa hiyo mtu asilale na jiko la makaa ndani akiutegemea mmea. Hewa ya sumu ya makaa huua, na monstera hauwezi kuizuia.

Wakati wa uhamisho

Familia za askari na polisi hazikai mahali pamoja milele. Amri ya uhamisho ikija, mmea mkubwa hauna nafasi garini, wala haina haja kuubeba. Kata kipande cha shina chenye kifundo kimoja, jani moja na, ikiwezekana, mzizi wa hewani. Jani lisilo na kifundo halitachipua shina jipya. Kitie kifundo katika chupa ya maji, na maji hayo uyabadilishe kila baada ya siku tatu. Baada ya wiki kadhaa mizizi itatoka, nawe utaupanda mche katika kituo kipya. Anayehamia Kabale, penye mwinuko wa karibu mita 2,000, auweke mbali na dirisha usiku, kwa maana baridi kali huusimamisha usikue.

Mmea mama uachwe kwa wanaoingia katika nyumba hiyo, pamoja na neno moja la wasia: wapime udongo kwa kidole kabla ya kushika kopo la maji.