Ukienda Wundanyi, ihofu baridi kuliko simba

Likizo za shule zinapofika, familia nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe hufunga mizigo kuelekea milima ya Taita. Wengine wanarudi kwao kuwaona wazee, wengine wanataka tu kupumzika na joto la Pwani. Safari hiyo ni nzuri kwa mwili na roho. Hata hivyo, msomaji, yako mambo machache ambayo ukiyajua mapema yanaweza kuokoa maisha.

Wundanyi ni mji mdogo ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Vuria kilicho jirani hupita mita 2,200. Chini yake kumetanda nyika ya Tsavo, iliyotengwa kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1948. Ukijumlisha Tsavo Mashariki na Magharibi utapata zaidi ya kilomita 20,000 za mraba, yaani kama mara 100 ya kaunti yetu ya Mombasa. Bila shaka unaijua nchi hiyo hata kama hujafika. Mboga nyingi za soko la Kongowea hutoka Taita, na chemchemi za Mzima zilizomo Tsavo hutuletea maji kwa bomba.

Swali ambalo wagonjwa huniuliza mara nyingi ni hili: je, urefu wa mlima utanidhuru? Jibu ni kwamba mtu mzima mwenye afya hana la kuogopa. Maradhi ya mlimani kwa kawaida huanza baada ya mita 2,500. Katika Wundanyi hewa ya oksijeni hupungua kwa kiasi cha asilimia 15 tu, na mwili hulimudu jambo hilo.

Kinachodhuru ni baridi. Kila unapopanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi sita hivi. Kwa hiyo Wundanyi huwa na baridi zaidi ya Mombasa kwa nyuzi nane au tisa, na miezi ya Juni hadi Agosti ukungu huweza kufunika vilima asubuhi nzima. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si ndani ya sanduku. Mwenye shinikizo la damu asiache vidonge kwa sababu "yuko likizo", kwani baridi hubana mishipa na kulipandisha shinikizo.

Ninaowahofia zaidi ni watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao wengi mitaani huuita siko seli. Ugonjwa huu ni wa kurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, na hapa Pwani tunao watoto wengi wanaougua. Chembe zao nyekundu za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Baridi na upungufu wa maji mwilini ndivyo vichochezi vikubwa vya maumivu hayo. Sasa fikiria mtoto aliyekaa garini saa tano akinyimwa maji ili asiombe kushuka njiani, kisha jioni akateremka kwenye ukungu akiwa na shati la mikono mifupi. Usiku huohuo analia kwa maumivu ya miguu na mgongo, na jamaa wanadhani ni uchovu wa safari, au jicho la mtu.

Simkatazi mtoto huyo kumwona nyanya yake. Mvike sweta kabla ya gari kuanza kupanda mlima, mpe maji mara kwa mara, na usikatize dawa zake za kila siku, pamoja na ile ya kuzuia malaria. Akipatwa na homa, kifua kuuma, kupumua kwa shida, weupe wa ghafla, tumbo kuvimba au udhaifu wa upande mmoja, usingoje kupambazuke. Mpeleke katika hospitali ya Wesu iliyo karibu na mji, au ile ya rufaa ya Moi huko Voi. Mtoto aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu husafiri bila wasiwasi.

Baridi huleta hatari nyingine ambayo mtu wa Pwani haijui kwa sababu hajawahi kuihitaji: jiko la makaa chumbani. Mgeni akitetemeka, wenyeji kwa ukarimu humwingizia jiko, naye hufunga dirisha na kulala. Makaa yanayowaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huitoa oksijeni katika damu. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika na usingizi mzito. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa pamoja, msidhani ni mafua. Tokeni nje mara moja na mwende hospitali. Dawa ya baridi ni blanketi la pili.

Kuhusu barabara, kona za kupanda kutoka Mwatate huwatapisha wengi. Kula kidogo, keti mbele, tazama mbali, na kama una dawa ya kichefuchefu imeze nusu saa au saa moja kabla. Kati ya Maungu na Voi ndovu huvuka barabara, basi usishuke vichakani kujisaidia, hasa usiku. Subiri kituo.

Nyikani pia kuna bafe, nyoka mnene ambaye hukaa kimya hadi akanyagwe. Vaa viatu na tumia tochi. Mtu akiumwa, usimchanje, usimfunge kamba ya kukaza, wala usipoteze saa moja kutafuta jiwe jeusi. Mvue pete na bangili, mtulize, mfunge kiungo hicho na kijiti kisitikisike, kisha mpeleke hospitali.

Mwisho, usidhani umeikimbia malaria. Mbu ni wachache juu mlimani, lakini huko Voi na nyikani wapo. Lala ndani ya neti. Homa ikikushika ndani ya majuma kadhaa baada ya kurudi, pimwa damu na umweleze daktari ulikokuwa.

Kwa hiyo kabla ya kupanda gari kagua mkoba wako: sweta kwa kila mtoto, maji, dawa za kutosha siku zote na za akiba siku tatu, tochi, na nambari ya simu ya jamaa mwenye gari kule juu. Simba wa Tsavo huenda usimwone kabisa, lakini baridi utakutana nayo jioni hiyohiyo.